Ulimi Namba Arobaini na Saba

Katika daftari la vifaa vya kituo cha utafiti wa samaki, kati ya "ndoo za plastiki, kumi na nne" na "nyavu za mkono, sita", kulikuwa na mstari uliosomeka hivi: "Ulimi, mmoja, wa kupimia chumvi. Hali: nzuri." Ulimi wenyewe ulikuwa wa mama mmoja mfupi, mpenda utani, ambaye kituo kizima kilimwita Mama Kipimo. Ulikaa kinywani mwake, mahali pale pale ulipokuwa tangu azaliwe.

Usicheke kwanza. Jambo lilianza kwa akili timamu. Miaka kumi na tisa iliyopita kipima chumvi cha kituo, kilichokuwa cha kioo, kilimponyoka mtu kikapasuka kwenye sakafu ya saruji. Barua ya kuomba kingine ikaandikwa, ikajibiwa kwamba ombi limepokelewa, na mpaka leo linaendelea kupokelewa. Samaki hawakuweza kungoja. Mama Kipimo, wakati huo msafishaji wa matangi tu, alichovya kidole katika tangi la tatu, akakilamba, akatema, akasema, "Hili lina gramu ishirini kwa lita." Maji yakapelekwa maabara ya mbali, majibu yakarudi baada ya siku tisa: ishirini na nusu. Tangu siku hiyo hakushika tena ufagio.

Mkuu wa kituo wa enzi hizo alikuwa mtu ambaye angeweza kufa kwa kuona nafasi tupu kwenye fomu. Mwisho wa mwaka fomu ikauliza kituo kina kipima chumvi cha aina gani. Akafikiri, akaandika ukweli. Na kwa kuwa kila kifaa lazima kiwe na namba mahali panapoonekana, karani akaja na kalamu ya wino wa bluu, akamwambia Mama Kipimo atoe ulimi. Namba ya kwanza ilifutwa na mate, ya pili ilifutwa na chai, ya tatu haikuandikika kwa sababu mwenye ulimi alishikwa na kicheko. Mwishowe mumewe, ambaye ni fundi viatu, alikata kipande cha ngozi nyeusi, akachonga juu yake 47, akakishona kwenye koti la kazi la mkewe, upande wa moyo. Kikakaa hapo miaka yote.

Sasa utauliza, chumvi ya samaki ina nini hata mtu ageuke chombo? Mama Kipimo alikuwa na jibu, na alilitoa kwa kila mgeni, aombwe asiombwe. Samaki wa maji matamu hanywi maji. Watu huwa hawaamini. Damu yake ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, basi maji humwingia yenyewe kupitia matamvua anayopumulia, na kazi yake kutwa kucha ni kukojoa. Mhamishe kwenye maji ya bahari, kila kitu kinapinduka: maji yanamtoka, chumvi inamwingia, na samaki yuko majini kichwa mpaka mkia lakini anaona kiu. Inambidi anywe asichoke, halafu matamvua yaitoe chumvi nje. Hiyo ni kazi ngeni kwa matamvua, na yanahitaji siku kadhaa kujifunza. Ukimharakisha, samaki anakauka ndani ya maji.

"Na msimshangae akiacha kukua," alikuwa akimalizia. "Chakula chake chote kinaishia kwenye kutoa chumvi. Wewe ukihama nyumba, wiki hiyo hiyo unanenepa?"

Wakati wa mambo haya, roho yake yote ilikuwa kwenye tangi la tisa. Humo mlikuwa na perege mia tatu, waliokuja wakiwa vifaranga wadogo kama kucha ya kidole cha mwisho, kutoka maji matamu. Kazi ilikuwa kuwapandisha gramu tano tano, taratibu, mpaka gramu thelathini na tano, chumvi ya bahari yenyewe. Wakifika salama, kituo kingepewa matangi mengine sita. Wakifa, tangi la tisa lingekaushwa na kuwa stoo ya viti vibovu, maana viti vibovu vilikuwa vimekwisha kuandika barua mbili za kuomba nafasi, kwa mkono wa karani. Mama Kipimo aliwajua wale samaki. Walipomwona walikusanyika upande wake na kufungua vinywa juu ya maji, na yeye aliwaita "wanangu" bila haya.

Ulimi wa namna hiyo hautunzwi kwa maneno. Kwa miaka kumi na tisa nyumba ya Mama Kipimo haikutia chumvi kwenye chungu. Wali bila chumvi, maharage bila chumvi, mayai bila chumvi. Watoto wao wawili walipooa na kuolewa, inasemekana jambo la kwanza walilonunua kwenye miji yao ni chumvi, kitanda kikafuata. Wakija kutembea walikuja na vikaratasi vya chumvi mfukoni. Mumewe hakuwahi kulalamika. Alikuwa mwanamume mwembamba, mkimya, mwenye harufu ya gundi, na alikula alichopewa.

Tena yeye ndiye aliyeunyoosha ulimi ule. Kila Jumapili asubuhi alipanga glasi saba mezani, akapima chumvi kwa mizani ndogo, gramu tano kwa lita ya kwanza, kumi kwa ya pili, hivyo hivyo mpaka thelathini na tano. Akaonja kila glasi mwenyewe, kuhakikisha hajachanganya. Kisha akamfunga mkewe kitambaa machoni na kumpa glasi ovyo ovyo.

"Hii?"

"Ya nne."

"Hii?"

"Ya pili. Na wewe umepaka viatu dawa kabla ya kushika glasi, nainusa."

Ndivyo walivyozeeka.

Halafu akaja mkaguzi wa vifaa. Alikuwa mtu mwenye adabu sana, mwenye muhuri kwenye mfuko wa shati, na alikuja kuhakiki daftari mstari kwa mstari. Alihesabu ndoo kumi na nne. Akageuza ukurasa.

"Ulimi," akasema. "Uko wapi?"

Mama Kipimo akautoa. Mkaguzi akainama, akautazama kwa kurunzi, juu na pembeni, akaweka alama ya vema.

"Ulitengenezwa mwaka gani, mama?"

"Ungemkuta mama yangu angekwambia vizuri zaidi."

Mkaguzi hakucheka. Alipiga hesabu kwa kalamu. "Tangu uingizwe kwenye daftari ni miaka kumi na tisa. Kanuni inasema kifaa cha kupimia kikipita miaka kumi kifutwe. Huu ulipaswa kufutwa miaka tisa iliyopita." Akamgeukia mkuu wa kituo, kijana wa kisomo aliyerithi daftari hilo pamoja na kiti, na ambaye aliogopa ukaguzi kama mtoto anavyoogopa sindano. "Kipima chumvi kipya nimekuja nacho kwenye gari. Cha umeme."

"Ombi letu!" mkuu akasema. "Limepokelewa!"

Kufuta kifaa kulikuwa na fomu yake, na fomu ilitaka kujua kifaa kitaondoshwaje. Kulikuwa na njia nne: kuchoma, kuponda, kuzika, au kukabidhi kwa mwombaji mwenye sababu. Wanaume wale wawili walizijadili zote nne mbele yake kwa utaratibu, mkuu akipendekeza kwamba kuponda pengine kusiwe chaguo la kwanza. Mama Kipimo alisimama pale akiwa amefunga mdomo. Alijisikia vibaya, na hakujua amkasirikie nani. Hakuna aliyemtukana. Ila hakuna aliyemwambia asante pia.

Aliporudi nyumbani akamsimulia mumewe, na alipofika kwenye kuponda akalia. Fundi viatu akaweka chini kiatu alichokuwa akikishona. Akaomba karatasi. Barua yake ilikuwa fupi, na mkuu aliisoma kwa sauti siku ya pili: "Mimi fundi viatu wa barabara ya kituo naomba nikabidhiwe ulimi namba 47 mliotangaza kuufuta. Nimeishi nao miaka thelathini na moja, nayajua matumizi yake. Sababu ya kuuomba ni kwamba mwenyewe hajala chumvi siku nyingi, nami nataka ale."

Makabidhiano yakafanyika ofisini. Mumewe akatia sahihi mahali palipoandikwa "nimepokea, kimoja, kikiwa kamili". Mkaguzi akagonga muhuri. Fundi viatu akatoa kisu chake, akakifumua kile kipande cha ngozi kwenye koti la mkewe, uzi mmoja mmoja, akakitia mfukoni.

Jioni hiyo Mama Kipimo alinunua kopo la chumvi. Alitia punje chache kwenye maharage, akaonja, akafumba macho. Akatia kijiko. Kwa wiki mbili zilizofuata alikula kama mtu aliyetoka kifungoni: chumvi kwenye wali, chumvi kwenye mayai, chumvi kwenye matango, mpaka chumvi kwenye kiganja, hivi hivi. Mumewe alijaribu tonge moja tu, akakunja uso, machozi yakamlenga.

"Wewe kula, mama watoto," alisema, akisogeza bakuli lake lisilo na chumvi. "Mimi nimeshazoea."

Kule kituoni alibakishwa kulisha samaki na kufuta vioo. Kipima chumvi kipya kilikuwa kijiti cheusi chenye kioo cha tarakimu, na mkuu alikitembeza mkononi kama mtu aliyepata mtoto. Mkaguzi naye hakuwa ameondoka. Alikuwa amefika kwenye viti vibovu, na viti vilikuwa vingi. Kijiti kilisema tangi la tisa lina gramu ishirini. Mkuu akaamuru chumvi iongezwe, ifike ishirini na tano. Mifuko ikamwagwa. Tarakimu zikatikisika kidogo, zikarudi ishirini. Mkuu akaamuru iongezwe tena.

Jumatano asubuhi Mama Kipimo alikwenda na ndoo ya chakula, na perege hawakuja. Walikuwa wamejikusanya chini ya bomba la hewa, weusi kuliko kawaida, matamvua yakifunguka na kufunga mbio mbio. Migongo yao ilikuwa imechongoka. Mmoja aligeuka ubavu mbele yake. Akaangusha ndoo.

"Chumvi imezidi!" alipiga kelele. "Wanakauka! Fungueni maji matamu!"

Mkuu akaja mbio, akachovya kijiti. "Ishirini, mama. Tazama mwenyewe. Tukiongeza maji matamu wakati chumvi iko chini, nitaandika nini kwenye ripoti?"

Mama Kipimo akazamisha kidole majini na kukipeleka mdomoni. Mkuu akaudaka mkono wake hewani.

"Usifanye hivyo! Kifaa hicho si mali yetu tena. Kina mwenyewe, ametia sahihi. Nikikitumia bila barua yake ya kuniazima, mkaguzi yuko pale, unamwona? Ni mimi nitakayejibu!"

Ni kweli, mkaguzi alikuwa pale, ameshika mguu wa kiti, na alitikisa kichwa kukubali. Mama Kipimo aliwatazama wote wawili. Kisha alivua viatu vyake vya mpira na kukimbia peku mpaka barabarani.

Fundi viatu alifika akiwa na aproni yake, kiatu cha mteja kingali kimevikwa mkononi kama glavu. Aliandika barua ya kuazima juu ya kifuniko cha pipa: ulimi mmoja, kwa dakika kumi, urudishwe ukiwa kamili. Mkaguzi akagonga muhuri. Mama Kipimo akachovya kidole, akaonja.

Akaonja tena.

Kila mtu alimtazama. Yeye alitazama maji. Kulikuwa na chumvi, ndiyo. Lakini ishirini? Thelathini? Ulimi wake ulikuwa mzito, umelewa wiki mbili za matango na mayai, na haukumwambia kitu. Miaka kumi na tisa haukumwangusha, na umemwangusha leo.

"Sijui," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Mume wangu, sijui. Nimeuharibu."

Perege wa pili akageuka ubavu.

Fundi viatu alivua kile kiatu mkononi, akakiweka chini. Alijifuta kidole kwenye aproni, akafikiri, akajifuta tena kwenye shati, palipo safi. Akachovya, akaonja, akatema pembeni.

"Glasi ya sita," akasema. "Imezidi kidogo. Weka thelathini na moja."

Mke wake akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwake. Jumapili zote zile yeye ndiye aliyefungwa kitambaa machoni na kusifiwa, na mwanamume huyu alikuwa akionja glasi zile zile, saba kila Jumapili, na kula chakula kile kile kisicho na ladha, asiseme neno.

"Lakini ulimi huu haumo kwenye daftari," mkuu alisema kwa uchungu wa kweli. "Siwezi kufuata kipimo cha kifaa kisichosajiliwa."

"Unaweza kusajiliwa sasa hivi," mkaguzi akasema, akitafuta fomu kwenye mkoba. "Mzee, tafadhali, utoe. Niandike mpya au uliotumika?"

"Uliotumika," mkuu akasema. "Hali nzuri?"

"Geuka kwenye mwanga, mzee. Ndiyo. Nzuri."

Mama Kipimo hakungoja muhuri. Wakati wanaume wanajadili kama fundi viatu aandikwe chini ya maabara au chini ya karakana, yeye alikwishafika kwenye bomba kubwa, akaligeuza kwa mikono miwili, na maji matamu yakaanza kuingia tangi la tisa kwa kishindo. Akaziba njia ya mkuu kwa mwili wake wote. Hakuna fomu inayosema mtu aondoshwe vipi kwenye bomba.

Fundi viatu, kwa kuwa mkono wake haujui kukaa bure, alikuwa amekiokota kile kijiti cheusi. Alikigeuza geuza, akapitisha ukucha kwenye ncha yake.

"Nani kabandika karatasi kwenye mdomo wa hiki kitu?"

Ilikuwa karatasi nyembamba, inayong'aa, imezungushwa barabara juu ya vitundu ambavyo maji hupaswa kuingilia, na maji ya siku ya kwanza yalikuwa yamenaswa humo. Juu yake paliandikwa 112.

Mkaguzi akakohoa. "Namba inatakiwa ikae mahali panapoonekana," alisema. "Kijiti chenyewe ni kidogo."

Fundi akaibandua kwa ustadi wa mtu anayejua gundi, akachovya kijiti kwenye ndoo ya maji ya tangi la tisa yaliyotekwa kabla bomba halijafunguliwa. Thelathini na moja na nukta mbili.

Walikufa perege kumi na mmoja. Mama Kipimo aliwatoa mmoja mmoja kwa wavu na hakutaka msaada. Wengine mia mbili themanini na tisa walishinda siku nzima wakihema, na kufikia Ijumaa wakaanza kuja mkononi. Walipopimwa kwenye mizani hawakuwa wameongezeka hata gramu, lakini mama yule aliimba akiwarudisha majini. Viti vibovu viliandikiwa barua ya kuvipa pole.

Kijiti sasa kilikuwa kinafanya kazi, na mtu angedhani mambo yamekwisha. Lakini ulimi wa fundi viatu ulikuwa umeshaingia kwenye daftari, namba 113, na kifaa kikishaingia hakitoki kabla ya miaka kumi. Sharti kitunzwe. Sharti kinyooshwe kila wiki. Mkaguzi aliyaandika hayo yote kabla ya kuondoka, akawapa mkono wote wawili kwa heshima kubwa.

Jumapili iliyofuata Mama Kipimo ndiye aliyepanga glasi saba, akapima chumvi kwa mizani, akamfunga mumewe kitambaa machoni. Kabla hajampa ya kwanza, akainama sikioni mwake.

"Baba watoto, fomu nimeisoma. Kifaa kikikosea mara tatu mfululizo, kinafutwa hata kama ni kipya. Kosea tu. Kosea, tule sote chumvi."

Mumewe aliweka mikono magotini, kitambaa usoni.

"Na siku kile kijiti kikibandikwa karatasi nyingine?" akasema. "Wale wanao wa tangi la tisa watamwambia nani?"

Akanyoosha mkono kuomba glasi. Akaonja. "Ya tano," akasema, na ilikuwa ya tano.

Mchana Mama Kipimo alipakua wali na maharage. Alishika kopo la chumvi, akalifungua, akanusa tu. Kisha akavuta kigoda, akapanda, akaliweka juu ya kabati, nyuma kabisa, na kushuka. Akaketi karibu na mumewe, akachota kutoka bakuli lake.

"Haya maharage hayana ladha kabisa," alisema.

"Najua," mumewe akamjibu, na wakala.